Gemu ya kucheza peke yako inadai intaneti ya nini?

Dereva wa Pedi (mwanzisha uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Hoja hii kwenye magrupu ya WhatsApp huwa inaishia kwenye matusi ya PlayStation na Xbox, ndiyo maana nimeileta huku. Kampuni inakuuzia gemu ya kucheza peke yako, huna mpinzani wala mwenzako mtandaoni, halafu inakulazimisha uwe na intaneti muda wote. Data ikikata, gemu inakutoa nje. Kwa nini?

Warzone na Fortnite siziingizi humu. Gemu ya watu mia moja kwenye ramani moja, ukitaka kuicheza bila mtandao utampiga risasi nani? Nasemea ile yenye hadithi yake, unayocheza na kompyuta, na umeilipia bei kamili.

Chukueni The Crew ya kampuni ya Ubisoft. Ilitoka Desemba 2014, gemu ya magari, ramani yake ni Marekani nzima iliyofinywa, unaendesha kutoka New York mpaka Los Angeles bila kusimama. Ina hadithi ya mtu mmoja mwanzo hadi mwisho. Lakini kila ulipoiwasha ilikuwa lazima seva ya Ubisoft, yaani kompyuta yao ya mtandaoni, iitikie. Desemba 2023 wakaiondoa madukani, 31 Machi 2024 wakazima seva, na hata mwenye diski mkononi akabaki na kipande cha plastiki. Muda mfupi baadaye wakaanza kuwanyang'anya watu leseni kwenye maktaba zao za mtandaoni. Sasa sikilizeni: Septemba 2025 mashabiki wakatoa seva yao wenyewe, wakaiita The Crew Unlimited, na gemu ikafufuka kwenye kompyuta. Inachezeka hata bila mtandao. Watu wa kujitolea wameweza, wenye mali walitaja vikwazo vya miundombinu ya seva na leseni.

Kabla ya hapo kulikuwa na SimCity ya Machi 2013. Gemu ya kujenga mji, watu wameicheza chumbani kwao peke yao tangu 1989. Kampuni ya EA na studio yao Maxis wakasema toleo jipya lazima liwe mtandaoni kwa sababu sehemu kubwa ya mahesabu inafanyika kwenye seva zao. Ilipotoka seva zikazidiwa, watu wakapanga foleni kuingia kwenye miji yao wenyewe, Amazon wakasitisha kwa muda kuuza toleo la kupakua, EA wakawapooza wateja kwa gemu moja ya bure. Haikuchukua muda mtundu mmoja akayafungua mafaili, akaondoa kile kipengele kinachokagua kama umeunganishwa, na mji ukaendelea bila mtandao, ingawa kuhifadhi mchezo bado kulihitaji seva. Machi 2014, mwaka mmoja baadaye, Maxis hao hao wakatoa toleo la oflaini, yaani la kuchezwa bila mtandao. Yale mahesabu ya seva yalihamia wapi?

Msimamo wangu ni huu. Kama kazi ya seva ni kunifungulia mlango tu, mlango huo usiwepo. Kama seva ina kazi ya kweli, basi boksi liandikwe tarehe ya mwisho wa matumizi kama pakiti ya maziwa, nijue nanunua kitu cha miaka mingapi.

Karibuni. Aliyekuja kutukana apite tu.

---

Kibandani Mbagala

Mkuu umenigusa panapouma. Mimi nina banda la gemu, PS4 kadhaa, na PS3 ambazo siwezi kuziuza kwa sababu ya wazee wa PES 2013, ile gemu ya mpira. Kuna kitu nyinyi mnaocheza nyumbani hamkioni.

Diski ya gemu mpya hapa mjini ni ghali, kwa hiyo vijana wengi wananunua gemu za akaunti. Muuzaji ana akaunti yenye gemu, anakuuzia nafasi. Zipo praimari na sekendari. Praimari, PS4 yako inaandikishwa kama mashine kuu ya ile akaunti, unacheza hata ukiwa porini hakuna mnara. Sekendari ni bei chee, lakini leseni lazima ithibitishwe mtandaoni kila unapofungua gemu, na mtandao usipokuwepo unaona kufuli juu ya picha yake. Faili ni lile lile, limekaa kwenye hadi diski ile ile, GB zimeshaliwa. Mtaniambia biashara hiyo masharti ya Sony hayairuhusi, ni kweli, sibishani. Ninachosema ni kwamba sekendari inakuonyesha wazi kabisa: gemu yenyewe haina shida na mtandao, mwenye shida ni anayetoa ruhusa.

Mei 2024 mnaikumbuka? Nyaya za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini Jumapili moja, na intaneti Tanzania nzima ikawa ya kusuasua. Bandani kwangu wa sekendari wakawa wanaangalia makufuli. Wazee wa PES 2013 hawakujua hata kama kuna kilichotokea. Hela ya siku zile ililetwa na PS3 zenye umri mkubwa kuliko wateja wangu wengine.

Na ile 29 Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchi nzima (modereta, siasa sizileti) watu walikuwa ndani na hofu zao, na hata gemu ya kumtuliza mtoto nyumbani ilikuwa inatafuta seva.

---

Fundi Seva

Naona tunaelekea kwenye "kampuni zote ni wezi". Ngoja nisimame upande wa pili, maana kazi yangu ni programu za seva. Si za gemu, lakini kanuni hazitofautiani.

Kanuni ya kwanza: usiiamini mashine ya mteja. Chochote kilichomo kwenye kompyuta ya mchezaji, mchezaji anaweza kukibadilisha. Ukimwachia atunze mwenyewe hesabu ya dhahabu na silaha zake, kesho ana dhahabu zote duniani. Diablo III, gemu ya Blizzard ya kupigana na mashetani, ilipotoka 15 Mei 2012 ilikuja na soko la mnada, na mwezi uliofuata watu wakaanza kuuziana silaha kwa fedha halisi. Ukiruhusu watu watengeneze silaha majumbani halafu wazilete sokoni, soko limekufa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo Blizzard wakaweka kila kitu kwenye seva: adui anatokea wapi, akifa anadondosha nini. Mashine yako inachora picha na kutuma unachobonyeza, basi. Hiyo huwezi kuiondoa kwa kufuta mstari mmoja kama huyo mtundu wa SimCity.

Kanuni ya pili, wizi. Tusemezane ukweli humu ndani. PS2 zetu zilikuwa zimechipiwa karibu zote, zisome diski za kunakili. Nani kwenye uzi huu aliwahi kununua diski halisi ya Winning Eleven? Tulinunua nakala za barabarani kwa bei ya soda, tukacheza miaka, na aliyeitengeneza hakupata senti. Leo tunashangaa kwa nini anataka kututambua mlangoni?

---

Dereva wa Pedi

Fundi, heshima yako. Ngoja nianze na Diablo kwa sababu umeichagua mwenyewe.

Usiku ule wa Mei 2012 waliolipa walikutana na Eror 37, seva zimejaa, wengine wakashinda na maandishi hayo kwenye kioo. Korea Kusini malalamiko yalikuwa makubwa mpaka tume yao ya ushindani ikaingia ofisi za Blizzard kukagua. Lakini tazama kilichofuata. Septemba 2013 Diablo III hiyo hiyo ikatoka kwenye PS3 na Xbox 360, na kule ilichezeka bila mtandao kabisa. Machi 2014 wakalifunga soko la mnada. Sababu uliyoitaja ikazikwa. Toleo la kompyuta likapewa oflaini? Halikupewa. Mpaka Diablo IV ya 2023, sharti liko pale pale, safari hii hadi kwenye konsoli, yaani mashine kama PS na Xbox.

Na dawa ya wadanganyifu Blizzard wenyewe walikuwa nayo tangu Diablo II ya mwaka 2000. Mhusika wa oflaini anakaa kwako, fanya naye utakavyo, mjaze dhahabu mpaka ashindwe kutembea. Mhusika wa mtandaoni anakaa kwenye seva yao. Hawakutani. Miaka kumi na miwili baadaye tunaambiwa haiwezekani?

Kwenye wizi nakupa nusu. PS2 sina utetezi, nilikuwa nazo nakala begi zima. Lakini Ubisoft walijaribu mtandao wa muda wote kwenye kompyuta mwaka 2010, Assassin's Creed II na Silent Hunter 5. Machi hiyo hiyo seva zao zikashambuliwa, na waliofungiwa nje walikuwa walionunua kihalali. Mwizi ambaye nakala yake imeshavunjwa haulizwi na seva yoyote. Mwaka 2012 Ubisoft wakasema utaratibu ule wameshauacha. Ulinzi unaomsumbua mwenye risiti peke yake ni ulinzi gani?

---

Mchoka Kelele

Nunueni bando muache kulia. Dunia imehama.

---

Dereva wa Pedi

Mkuu umeongea kama Don Mattrick. Aliyekuwa bosi wa Xbox mwaka 2013. Walitangaza Xbox One itakayotaka kuwasiliana na Microsoft kila baada ya saa 24, usipounganisha huchezi hata diski yako. Alipoulizwa kuhusu wasio na intaneti akasema wanayo bidhaa kwa ajili yao, inaitwa Xbox 360. Yaani mashine ya zamani. Mpaka mabaharia wa nyambizi, wanaokaa chini ya bahari bila intaneti, walitajwa kwenye mjadala ule.

Sony wakapanda jukwaani Juni ile, PS4 dola 399 dhidi ya dola 499 za Xbox One, na hakuna kukaguliwa mtandaoni. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Tarehe 19 Juni Microsoft wakafuta mpango wote, na Julai Mattrick akahamia kampuni nyingine. Hao waliokataa hawakuwa watu wa bando la usiku, wengi walikuwa Wamarekani wenye intaneti nzuri kuliko yako na yangu.

---

Msee wa Kisauni

Salaam jamaa. Mie naandika kutoka Mombasa, naomba nilete jambo ambalo halijaguswa.

Nyaya za bahari zinatua hapa kwetu. SEACOM, TEAMS, EASSy, PEACE, zote zapita Mombasa. Nyumbani nina faiba, haikatiki sana. Kwa hivyo mjadala wa kukatika haunihusu mno. Kinachoniudhi ni pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi. Waya upo hapa lakini seva ya gemu iko Ulaya, au Bahrain, au Afrika Kusini. Mwanga ndani ya faiba hutembea kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Njia ya waya ya kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 100, na hapo bado hujakutana na foleni yoyote ya njiani. Hakuna bando litakaloishinda fizikia, Mchoka Kelele.

Katika gemu ya kushindana na watu nalikubali hilo, ndiyo bei ya kuishi mbali. Lakini hizi za peke yako zilizofungwa kwenye seva zakuletea kuchelewa pale ambapo hapakuwa na haja ya kuchelewa. Wabonyeza kukwepa, panga limeshakupata. Wakimbia mbele, gemu yakurudisha nyuma hatua tano kwa sababu seva haijakubali kuwa ulikimbia. Uko peke yako, hakuna mtu duniani anayekusubiri, na bado walagi. Kijana wa Frankfurt acheza gemu ile ile kwa bei ile ile na kwake ni laini kama siagi. Hilo ndilo nisilolisamehe.

Ila kwa haki, kuna moja ambayo mtandao wake nauelewa. Microsoft Flight Simulator ya 2020. Dunia nzima, picha za setilaiti, data zaidi ya petabaiti 2, yaani GB milioni mbili. Hakuna hadi diski ya nyumbani itakayoibeba. Pale seva yakuletea mlima wa kweli unaporuka juu yake. Na hata hiyo waliipa hali ya oflaini, ardhi inakuwa duni lakini ndege inaruka. Ile ya 2024 wakaitegemeza zaidi kwenye seva, na Novemba ilipozinduliwa watu wakakwama kwenye kupakia.

---

Fundi Seva

Msee wa Kisauni hoja ya pingi ni nzuri, na ndiyo inayonipa shida kuitetea. Kiufundi kuna njia ya kati: mashine yako icheze bila kusubiri, halafu iripoti kwa seva baadaye. Gemu nyingi hazifanyi hivyo kwa sababu ni kazi mara mbili na mauzo hayaongezeki.

---

Wakili wa Mtaani

Wadau, naomba kuingia kisheria kidogo, kwa kifupi.

Mnatumia neno "nimenunua". Kwenye yale masharti ambayo sote tunabonyeza "nakubali" bila kusoma, hujanunua gemu. Umepewa leseni ya kuitumia, na mwenye leseni amejiwekea haki ya kuisitisha. California wameliona hili. Sheria yao AB 2426, iliyosainiwa Septemba 2024 na kuanza kazi 1 Januari 2025, inakataza duka la mtandaoni kutumia neno "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali bila kumwambia mteja waziwazi kwamba anapata leseni. Na isome vizuri: haigusi bidhaa unayoweza kuipakua moja kwa moja ukaitumia bila mtandao. Yaani mtunga sheria amekubaliana na mwanzisha uzi, kwamba oflaini ndiyo inayokaribia umiliki. Steam walianza kuweka tangazo hilo kwenye ukurasa wa malipo Oktoba 2024.

Ulaya wamekwenda mbali zaidi, angalau kwa madai. Baada ya The Crew kuzimwa, Mmarekani mmoja wa YouTube, Ross Scott, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games. Ikazaa ombi rasmi la wananchi kwa Umoja wa Ulaya. Lilihitaji sahihi milioni 1, likavuka hapo mwanzoni mwa Julai 2025, na dirisha lilipofungwa mwisho wa mwezi zilikuwa takriban milioni 1.4. Someni wanachodai kabla hamjabishana. Hawadai seva ziwashwe milele. Wanadai kampuni ikimaliza kuihudumia gemu iiache katika hali ya kuchezeka. Uingereza nako ombi lilivuka sahihi 100,000 na likajadiliwa Bungeni Novemba 2025, serikali ikasema haina mpango wa kubadili sheria.

Kwetu? Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya 2003, ambayo inakataza kumpotosha mlaji, na Kenya wana Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Kimaandishi mlango upo. Lakini utamshtaki nani wakati umelipia kwa kadi ya mtandaoni, kwenye duka ambalo halina hata tawi hapa, kwenye akaunti uliyoandika unaishi Marekani? Wengi wenu akaunti zenu ni za Marekani, msijifanye.

---

Mama Wawili

Kaka zangu mnaongea kana kwamba kila mtu ana PS4 sebuleni. Gemu za watu wengi hapa ziko kwenye simu.

Wanangu wanacheza eFootball ya simu. Zamani ilikuwa PES, unaweka, unacheza. Siku hizi ni hii eFootball ya bure ya Konami, na kwenye simu lazima data iwepo hata kama unacheza na kompyuta. Data ikizima mechi inaishia hapo. Ni ya bure, kwa hiyo sina cha kudai, si ndiyo? Lakini ninayelipia data ni mimi, na mtoto hajui kwamba kile kitufe cha kupiga shuti kina bili. Kucheza kwenyewe hakuli data nyingi, nisiwadanganye. Kinachomaliza bando ni masasisho. Umelala na GB zako, asubuhi gemu imejisasisha, unashindwa hata kutuma meseji ya kazini.

Mkubwa amepata suluhisho lake mwenyewe. PPSSPP, ile programu ya kuigiza PSP kwenye simu, na ndani yake PES ya zamani ambayo vijana wa mitandaoni wameivalisha jezi za Simba na Yanga. Hakuna data, hakuna akaunti, hakuna tangazo. Wakili usiniulize leseni yake, nakuomba.

---

Wakili wa Mtaani

Dada sijaona kitu.

---

Mwinyi wa Muscat

Assalam aleikum. Mimi niko Oman, huku gemu nyingi zina seva za Mashariki ya Kati, hivyo yanayomkuta wa Kisauni sisi yanatupita. Nachangia kwenye diski.

Watu husema nunua diski uwe salama. Zamani ndiyo. Siku hizi tazama kilichomo. Diski ya Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 kwa PS5 ilikuwa na MB 70 na kitu tu. Gemu yote inashushwa mtandaoni, diski ni ufunguo. Mimi nilimbebea mpwa wangu Unguja diski ya gemu nyingine, mpya, kwa mapenzi yote ya mjomba, na tulipoiweka ikaomba kushusha makumi ya GB. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, sasa umeleta nini?" Sikuwa na jibu. Tulikwenda kwa jirani mwenye faiba tukaiacha mashine huko ilale.

Najua hilo si sawa na mtandao wa muda wote, ukishashusha umemaliza. Lakini siku ile seva ya kushushia itakapofungwa, diski yangu na ya The Crew zitakuwa ndugu.

---

Fundi Seva

Mwinyi pole na pole kwa mpwa.

Nirudi kwenye kudai kila gemu iachwe hai. Wenye kampuni kupitia chama chao cha Ulaya, Video Games Europe, walijibu Julai 2025 kwamba seva za watu binafsi si suluhisho la kila mahali. Hakuna atakayelinda taarifa za wachezaji, hakuna atakayeondoa uchafu, na gemu nyingine zimeundwa kwa mtandao tangu msingi. Nyongeza yangu: ndani ya seva ya gemu mara nyingi kuna programu za kampuni nyingine ambazo huna haki ya kuzigawa. Ukija kwenye gemu za magari una leseni za Ferrari na wenzake na za muziki, zina tarehe ya kuisha. Msifikiri ni mtu mmoja anakaa na swichi anacheka.

---

Dereva wa Pedi

Leseni za magari zinazuia kuendelea kuuza. Hazimzuii aliyeshanunua kucheza. Gemu kibao za zamani za magari zimeondolewa madukani na bado zinafunguka kwa wenye nazo.

Na kwenye "haiwezekani" mifano ipo. Knockout City, gemu ya mtandaoni tupu, ilipofungwa Juni 2023 watengenezaji walitoa toleo la kompyuta lenye seva unayoendesha mwenyewe, bure. Redfall, studio yake imeshatangaziwa kufungwa, Mei 2024 wakatoa sasisho la mwisho lenye oflaini. Gran Turismo Sport, seva zimezimwa Januari 2024, wakaifungua sehemu ya mchezaji mmoja ichezwe bila mtandao. Ubisoft nao, baada ya kelele zote, The Crew 2 wameipa oflaini mwaka 2025. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo tuliambiwa nini kuhusu ndugu yake?

Concord ya Sony ilidumu wiki mbili tu, Agosti mpaka Septemba 2024, ikafa, lakini kila aliyenunua alirudishiwa pesa yake. Hiyo nayo naikubali. Umezima, rudisha hela, hakuna kesi. Tatizo ni kuzima na kubaki na hela.

---

Mchoka Kelele

Na aliyecheza miaka tisa naye arudishiwe? Miaka tisa kwa dola 60 bado unalia?

---

Kibandani Mbagala

Hilo la Mchoka Kelele si baya, kwa mara ya kwanza. Aliyenunua 2014 amekula faida yake. Mimi namuwaza aliyenunua The Crew Novemba 2023, wiki chache kabla haijaondolewa dukani, akalipa, na hakuna aliyemwambia kwamba imebaki miezi. Ndiyo maana hoja ya tarehe kwenye boksi naiunga mkono kuliko hiyo ya kurudishiwa.

---

Mtoto wa Sumbawanga

Wakuu nimesoma uzi wote. Nina PS4, huku kwetu mtandao unakuja na kwenda, nacheza peke yangu magari tu. Kuna jamaa ananiuzia Gran Turismo 7, diski. Nichukue au?

---

Msee wa Kisauni

Ndugu yangu, usichukue. GT7 hata ukicheza na kompyuta yataka mtandao karibu kila kona, kwa sababu pesa na magari yako yanatunzwa kwenye seva. Bila mtandao wabaki na Music Rally na mbio chache za kujifurahisha. Machi 2022 sasisho moja liliharibika, seva zikawa chini zaidi ya saa 30, na dunia nzima ikakaa nje ya gereji zake.

---

Kibandani Mbagala

Chukua Gran Turismo Sport. Ni ya zamani kidogo, ya 2017, na mbio za mtandaoni hazipo tena, lakini wewe huzihitaji. Angalizo moja: diski yenyewe ni ya kabla seva hazijafungwa, kwa hiyo lazima ushushe lile sasisho la mwisho mara moja, ndipo sehemu ya peke yako ifunguke bila mtandao. Tafuta sehemu yenye Wi-Fi nzuri, liache usiku kucha. Likishaingia, kabla hujamlipa muuzaji zima intaneti kabisa, iwashe upya PS4, uendeshe mbio mbili tatu mbele yake. Ikikubali, mpe hela yake.